Rimu nyepesi na chaji inayoishia Nzuguni

"Shikamoo fundi. Nina baiskeli ya umeme ya inchi 26, mota ya wati 350 iko gurudumu la nyuma, betri ni volti 36, Ah 10. Huu ni mwaka wa pili ninayo. Kila alfajiri nachukua mikate sitini bekari, Majengo hapa Dodoma, nasambaza kwenye maduka ya Kisasa, Ilazo, Ipagala mpaka Nzuguni. Kwenda na kurudi, ukihesabu kona zote, ni kama kilomita 30. Zamani nilikuwa nafika nyumbani chaji imebaki kidogo. Siku hizi inaniishia Nzuguni, narudi kwa pedali, na baiskeli hii ikikosa chaji ni kama kusukuma mkokoteni. Kuna jamaa ana rimu za maginesiamu. Anasema nikibadilisha zote mbili nitapunguza kilo tatu na chaji itadumu, kwa sababu uzito wa gurudumu unahesabiwa mara mbili na mimi nasimama sana. Anataka 260,000 pamoja na ufundi. Je, nikiweka na tairi nyembamba za mbio itasaidia zaidi? Halafu spoku za nyuma zinakatika, mbili mwezi uliopita na moja wiki hii. Naomba usinifiche, hela hiyo nimeikusanya kwa miezi."

Marahaba, kijana. Hela hiyo usiitoe bado. Huyo jamaa amekwambia jambo moja la kweli, akalizungushia mawili yasiyo kweli, na la kweli ndilo lililokuteka. Kwa hiyo tulichambue polepole.

Ni kweli uzito ulio ukingoni mwa gurudumu, yaani kwenye rimu, tairi na tyubu, unahesabiwa mara mbili. Baiskeli ikiondoka, gramu iliyo kwenye fremu ina kazi moja tu ya kwenda mbele. Gramu iliyo kwenye tairi inakwenda mbele na papo hapo inazunguka, kwa hiyo mota inailipia safari mbili. Ndiyo maana waendesha baiskeli za mashindano hugombania gramu za rimu kuliko gramu za siti. Lakini hesabu hiyo ya mara mbili inahusu wakati wa kuongeza mwendo peke yake. Ukishafika kasi yako na kutulia, gurudumu zito linazunguka kwa mazoea yake, halikudai kitu cha maana. Ukipanda kilima, kilo ya gurudumu ni kilo moja kama kilo ya mkate. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: katika kusimama na kuondoka kwako kote, huo uzito wa ukingoni unakula chaji kiasi gani?

Tupime kwa kipimo unachokijua. Uniti moja ya LUKU ni wati-saa 1,000. Betri yako ilipokuwa mpya ilibeba volti 36 mara Ah 10, yaani wati-saa 360, zaidi kidogo ya theluthi ya uniti. Betri ya simu ya kawaida ya siku hizi, ile ya mAh 5,000, inabeba kama wati-saa 19. Shika namba hizo mbili.

Sasa zile kilo tatu. Majuzi nilikuwa na gurudumu la nyuma la baiskeli kama yako mezani, inchi 26, mota ya gia za ndani ya wati 350. Nikalivunja vipande vyote na kuviweka kimoja kimoja kwenye mizani ya jikoni, ile mke wangu anayopimia unga wa maandazi (aliikuta ina grisi, hayo ni mazungumzo mengine). Mota peke yake kilo 3.2. Tairi gramu 900. Rimu gramu 650. Friwili ya gia saba gramu 450. Spoku 36 pamoja na vinati vyake vya kukazia gramu 335. Tyubu gramu 250. Jumla karibu kilo 5.8, na zaidi ya nusu yake ni mota, ambayo iko katikati ya gurudumu, haiko ukingoni. Humo kilo tatu zitatoka wapi? Ukiweka rimu nzuri ya aluminiamu yenye kuta mbili, gramu 500, na spoku za milimita 2 badala ya hizi nene, umeokoa kama gramu 270. Gurudumu la mbele nalo likupe kama hizo. Kwa magurudumu yote mawili utapata nusu kilo.

Nusu kilo ya ukingoni tuihesabu kilo nzima, kama jamaa anavyotaka. Tuseme maduka na makutano yote yanakulazimisha kuondoka mara sitini, kila mara mpaka kilomita 25 kwa saa. Jumla ya chaji utakayookoa asubuhi nzima ni wati-saa 0.4. Hiyo ni kama asilimia mbili ya chaji ya simu. Hata tuiongeze maradufu kwa sababu mota inaunguza umeme mwingi inapoanzia sifuri, haifiki wati-saa moja kati ya 360.

Unaweza kuniambia namnyima haki yake. Basi tumpe kilo zake tatu zote, na tuziweke zote ukingoni. Tuongeze na unafuu mdogo wa tairi kubeba kilo tatu pungufu njia nzima, tuongeze na hasara za mota. Ukarimu wote huo ukiisha, umesogea kama nusu kilomita. Wewe unahitaji kilomita nane au kumi za kutoka Nzuguni.

La pili ambalo si kweli ni hilo neno maginesiamu. Maginesiamu yenyewe ni metali nyepesi, nyepesi kuliko aluminiamu, hapo hatusemi kitu. Lakini magurudumu ya kumimina, yale ya mikono mitano au sita badala ya spoku, lazima yawe manene ndipo yasivunjike, kwa hiyo mara nyingi kwenye mizani huwa mazito kuliko gurudumu zuri la spoku. Yanapendeza, sikatai, na hayana spoku za kukatika. Usibishane naye. Nenda na mizani ya kuning'iniza, hata ile ya wauza nyama, mpime la kwake na la kwako mbele ya macho yenu.

Kisha muulize swali moja tu: "Mota yangu itakaa wapi?" Mota yako imesukwa ndani ya rimu kwa spoku, spoku zimeshikilia matundu yaliyo ukingoni mwa mota. Gurudumu la kumimina halina mahali pa kusukia mota ya spoku. La umeme huja na mota yake tangu kiwandani. Kwa hiyo ama hilo gurudumu la nyuma analokuuzia lina mota nyingine, ambayo huijui wati zake wala kama itapatana na kontrola yako (kile kisanduku kinachoongoza umeme wa mota), ama halina mota kabisa, na utaondoka pale na baiskeli ya kawaida yenye betri ya mapambo. Kwa 260,000 ya mbele na nyuma pamoja na ufundi, nahofia ni hilo la pili.

Sasa tuje kwa mwizi halisi. Hisia yako kwamba kusimama sana kunakula chaji ni sahihi kabisa, ila umemshika mtu mwingine. Kinachoondoka dukani si rimu. Kinachoondoka ni wewe, baiskeli na mikate. Mikate sitini ya gramu 400 ni kilo 24, sanduku nalo lina uzito wake, baiskeli kama 26, na wewe mwenyewe. Asubuhi mnaanza pamoja kama kilo 125 na mnarudi kama 100. Chukua wastani wa 110. Kuziondoa kilo 110 mara sitini mpaka kilomita 25 kwa saa kunakula wati-saa 44, hapo mota ingekuwa haipotezi hata tone. Lakini mota ya kwenye habu, yaani katikati ya gurudumu, ikianza kutoka kusimama hupoteza umeme mwingi kwa joto, kwa hiyo hesabu ya kweli iko juu zaidi. Hapo ndipo penye pesa yako, na pana dawa ya bure.

Dawa ya kwanza ni miguu. Ukiondoka dukani, weka gia nyepesi, piga pedali mizunguko mitatu minne, baiskeli ikishatembea ndipo uguse kikoleza. Mota utakuwa umeipokelea mzigo pale inapoteseka zaidi. Ya pili ni kasi. Nguvu ya kuondoka inapanda kwa kasi mara kasi, si kwa kasi tu. Kati ya duka na duka, pale Ilazo ambapo hata hujamaliza mita mia tatu unashika breki tena, ukiishia kilomita 20 badala ya 25 kwa saa, zile wati-saa 44 zinashuka hadi 28. Umeokoa 16 kwa kuchelewa dakika chache. Linganisha na 0.4 ya rimu.

Upo pia upepo, na Dodoma hatuhitaji kuelezana habari za upepo. Unavuma zaidi kutoka mashariki na kusini-mashariki, na unaamka jua linapopanda. Nzuguni iko mashariki ya mji. Ukiwa unaanza na maduka ya karibu na kufika Nzuguni saa nne, unaupokea usoni ukiwa na chaji iliyochoka. Upepo wa kilomita 15 kwa saa usoni, wewe ukienda 25, unakupinga mara mbili na nusu kuliko hewa tulivu. Na lile sanduku la mikate nyuma yako, kama limepanda juu kuliko mabega, ni tanga. Jaribu kugeuza njia: alfajiri nenda moja kwa moja Nzuguni wakati hewa bado imelala, anza kushusha huko, kisha rudi ukisambaza Ipagala, Ilazo na Kisasa upepo ukiwa mgongoni. Najua mzigo utakuwa umeubeba mbali zaidi ukiwa umejaa, na hilo lina gharama yake, lakini msimu wa upepo mkali, Juni mpaka Oktoba hivi, kwa maoni yangu utafaidika. Jaribu wiki moja kila namna, uone unafika wapi.

Halafu tairi. Hapa ndipo ningekufungia kwenye benchi langu nikuoneshe. Tairi inapobeba mzigo inabonyea pale inapogusa lami, ikishapita inajirudisha, na kila kubonyea kunageuka joto. Tairi yenye upepo pungufu inabonyea sana. Tairi yenye meno makubwa ya porini nayo inabonyeza yale meno. Kati ya tairi ya meno iliyo nusu upepo na tairi ya lami iliyojazwa sawasawa, kwa uzito wako na kilomita 30, tofauti inaweza kufika wati-saa 36. Hiyo ni mara tisini ya faida ya rimu, na pampu ya mguu haiuzwi 260,000.

Angalia ubavuni mwa tairi, kiwango cha juu kimechongwa pale. Tairi nyingi za 26 kwa 1.95 huandikwa 65 PSI (kipimo cha upepo wa tairi) au karibu na hapo. Kwa mzigo wako, nyuma jaza 55 hivi, mbele 40 hadi 45, na upime kwa geji. Kidole hakitoshi, tairi ya 30 na ya 50 zote kidole huziona ngumu. Usijaze mpaka ukomo alfajiri: tairi yenye 60 ikiwa na baridi ya nyuzi 20 inafika 65 joto lake likigonga 40, na lami yetu ya mchana inafika huko bila shida. Kama kipande cha njia yako ni mchanga, punguza kidogo, maana mchanga unaitaka tairi ilale.

Lakini tairi nyembamba za mbio ulizouliza, hapana. Wewe unapita kando ya barabara ambako kuna mbigili. Ile mbegu yenye pembe, ukiiangusha namna yoyote mwiba mmoja unaangalia juu, na pembeni ya viwanja vyetu vya wazi mvua zikikatika imetapakaa kama mtama ulioanikwa. Zile gramu 900 za tairi yako hazikai bure, nyingi ni mpira unaosimama kati ya mbigili na tyubu. Tairi ya gramu 400 itakupa wepesi mpaka pancha ya kwanza, na kuziba pancha ya gurudumu la mota ni kazi ya kufungua nati kubwa, kuchomoa waya na kurudisha kila washa mahali pake, mikate ikisubiri. Ningechukua tairi ya lami isiyo na meno makubwa, upana uleule wa 1.95 au hata 2.0, yenye tabaka la kuzuia miiba. Uzito huo ubebe kwa roho safi.

Zipo pia tyubu mpya za plastiki laini, nyembamba kama mfuko, zenye gramu 60 hadi 80. Zimeanza kuonekana na zitakufikia tu. Kiraka cha kawaida na solusheni ya fundi wa kando ya barabara havishiki juu yake, zinataka viraka vyake. Ukipata pancha Kisasa saa kumi na mbili asubuhi utafanya nini? Na ukikutana na anayekuuzia tairi zisizo na upepo kabisa ili uondokane na pancha, jua kwamba ni nzito, zinakula chaji kuliko tairi za upepo, na zinapeleka kila shimo moja kwa moja kwenye spoku zako ambazo tayari zinalia.

Ukinunua tairi yoyote, usiseme "inchi 26" ukaishia hapo. Soma ile namba ndogo yenye kistari, kama 50-559. Hiyo 559 ndiyo kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye rimu, kwa milimita. Kuna tairi zinaitwa 26 kwa 1⅜ zenye 590, hazitakaa kwenye rimu yako hata uzipake sabuni. Mchezo huohuo uko kwenye 28: zile baiskeli za zamani za wazee wetu zina 635, na za kisasa zinazoitwa 28 au 700 zina 622. Nimeona watu wakipoteza nauli ya kwenda na kurudi sokoni kwa sababu ya namba hiyo.

Kabla ya yote hayo, inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono. Linapaswa kuzunguka muda mrefu na kusimama taratibu. Likisimama ghafla, breki inagusa au beringi zimekauka. Fanya hivyo na la nyuma, ukizungusha kwa mbele. Mota ya gia za ndani huliachia gurudumu lizunguke lenyewe, kwa hiyo nalo lisiwe zito. Breki ya diski iliyopinda inayogusa njia nzima inaweza kula chaji yako bila wewe kusikia chochote isipokuwa kale kamlio ka shii, shii.

Pamoja na hayo yote, nadhani mgonjwa wako mkuu ni betri. Angalia hesabu. Baiskeli yenye mzigo kama wako, ya kusimama na kuondoka, hula wati-saa 11 au 12 kwa kilomita. Betri mpya ya 360 inakutoa kilomita 30, ndiyo maana zamani ulifika nyumbani na kidogo. Umechaji karibu kila siku kwa karibu miaka miwili, yaani mara mia sita hivi. Betri za lithiamu za aina hii, baada ya chaji mia tano kamili au zaidi, hazibebi tena kama mwanzo, na joto linaharakisha. Ikibaki asilimia 70 una wati-saa 250. Gawanya kwa 12: kilomita 21. Ni Nzuguni hiyo!

Hilo linapimika. Chaji usiku mpaka taa ya chaja igeuke, iache saa moja zaidi, kisha pima kwa mita kwenye mdomo wa betri. Betri ya volti 36 iliyojaa husoma 42, au pungufu kidogo sana. Ikisoma 40 au 39 baada ya chaji kamili, ama chaja ina kasoro ama seli za ndani hazilingani, na mara nyingine kulinganisha seli au kubadilisha chaja kunarudisha sehemu ya uhai. Ikisoma 42 lakini ukipanda kilima na mzigo inazima ghafla, halafu ukipumzika inawaka tena, seli zimechoka. Usifungue kasha mwenyewe, na usimpe fundi ambaye hajawahi kufanya kazi za betri za lithiamu, hata kama ni hodari wa redio. Na kama kasha limevimba, linanuka kitu kitamukitamu, au linakuwa la moto likiwa kwenye chaji, acha kulichaji siku hiyohiyo, litoe nje ya nyumba mnayolala, kisha mtafute mtu wa kuliangalia.

Ambayo bado nzima itunze hivi: usiiache juani nje ya duka, ukifika nyumbani iache ipoe ndipo uchaji, na usiimalize mpaka izime kila siku. Wakati unajikusanyia ya betri mpya, kuna njia ambayo haigharimu karibu chochote. Chaja yako, kama ni ile ya kawaida ya ampea 2, kwa saa moja inarudisha kama wati-saa 70, yaani kilomita sita. Tembea nayo. Omba duka moja la Nzuguni ambalo ni mteja wako mzuri likuruhusu kuchomeka unapokunywa chai na kukusanya madeni. Haifiki hata sehemu ya kumi ya uniti kwa siku, lakini mlipe kwa mkate mmoja kila wiki ili asione anaonewa.

Sasa spoku. Hili kwangu ndilo la haraka kuliko la chaji, maana spoku tatu kwa muda mfupi zinakuambia nyingine zinafuata, na gurudumu likikunjika barabarani na kilo 125 juu yake, si mikate tu itakayomwagika.

Watu wanadhani spoku imesimama kama nguzo na kubeba mzigo juu yake. Si hivyo. Spoku zote zimevutwa kama waya wa gitaa, na gurudumu linasimama kwa mvutano huo. Inayopita chini, pale tairi inapogusa ardhi, inalegea kidogo, ikipanda inakaza tena. Gurudumu lako linazunguka zaidi ya mara 14,000 katika kilomita 30, kwa hiyo kila spoku inalegea na kukaza zaidi ya mara 14,000 kila asubuhi. Kama ilikuwa imekazwa vizuri, huko kulegea hakufiki sifuri na inaweza kudumu miaka. Kama ilikuwa imelegea tangu mwanzo, pale chini inalegea kabisa, inacheza ndani ya tundu lake, kisha inavutwa kwa ghafla, na siku moja inakatika pale kwenye kona karibu na mota. Ni kama kukunja na kukunjua waya mpaka ukatike mkononi.

Na hapa kuna jambo linalowashangaza wengi. Baiskeli nyingi za umeme za bei ya kawaida zimewekewa spoku nene za milimita 2.6 ili zionekane imara. Spoku nene haivutiki. Rimu ikibonyea kidogo tu, tayari imelegea. Ya milimita 2 au 2.3, ikiwa ya chuma cha pua chenye ubora, inavutika kama mpira mgumu, inaifuata rimu inapobonyea na haipotezi mvutano wake wote. Kwa hiyo hapa, kwa bahati, wepesi na uimara vinakwenda pamoja, na hapa ndipo ningetumia sehemu ya hela yako. Suka upya gurudumu la nyuma, spoku mpya zote 36, ukiacha mota ileile na rimu ileile kama haijapinda wala haina ufa kuzunguka matundu.

Fundi atakayefanya lazima apime urefu wa spoku upya, asichukue tu zilizopo dukani akazilazimisha. Ndefu itatoboa tyubu kwa ndani, fupi itashikilia kwa nyuzi mbili tatu za kinati na kuchomoka. Kama rimu yako ilitobolewa kwa ajili ya vinati vikubwa vya spoku nene, vidogo vitapenya, kwa hiyo viwekewe washa ndogo chini yake. Akimaliza kukaza, azishike spoku mbilimbili na kuzibana kwa kiganja kuzunguka gurudumu lote, utasikia zikilia ting, ting zikikaa mahali pake, kisha anyooshe tena. Baada ya siku tatu za kazi mrudishie akague. Fundi akikucheka kwa kumwambia hayo, tafuta mwingine. Na mzigo nao ugawe: kilo sita saba za mikate ziende kwenye kikapu cha mbele, zisikae zote juu ya mota.

Gurudumu likitoka na kurudi, usimwache fundi peke yake kwenye nati za ekseli. Kwanza betri ichomolewe. Kisha piga picha kwa simu mpangilio wa washa pande zote mbili kabla hajagusa chochote. Ekseli ya mota ina pande mbili bapa zinazokaa kwenye mdomo wa fremu, na kuna washa yenye jino, au mkono mdogo wa chuma, unaozuia ekseli isijizungushe. Mota inaposukuma gurudumu mbele, ekseli inasukumwa nyuma kwa nguvu ileile. Mteja wangu mmoja wa Nkuhungu aliziba pancha mahali fulani, ile washa ikabaki kwenye kopo la spana. Alipokoleza kutoka kwenye taa, ekseli ilijizungusha, ikasokota waya wa mota na kuukata, na kontrola ikaungua hapohapo. Alileta baiskeli juu ya bajaji. Basi usimlipe fundi mpaka umeinama, ukalinganisha na picha kwenye simu yako, na kuiona ile washa yenye jino imerudi mahali pake.